Wimbo wa taarab redioni: umeongezwa kasi au umekatwa?

*«Assalaam aleikum, fundi. Mimi ni mpiga kinanda katika kikundi cha taarab hapa Mombasa. Asubuhi, baina ya saa moja na saa tatu, huwasha redio nikapiga kinanda kwa kufuatana na nyimbo za zamani ili vidole vipate mazoezi. Kuna wimbo mmoja ambao katika simu yangu una dakika 11 na sekunde 40, na unalingana barabara na kinanda changu. Wimbo huohuo ukipigwa redioni haulingani nacho, na ili niufuate hulazimika kupandisha tuni ya kinanda kwa senti 45 hivi, chini kidogo ya nusu ya hatua baina ya funguo mbili. Tena unakwisha kwa dakika saba tu, kisha hufuata matangazo ya biashara mfululizo. Mwenzangu mmoja anasema ni mnara, eti masafa ya FM hupandisha sauti. Mwingine anasema stesheni zote huendesha nyimbo mbio ili zipate nafasi ya kuuza matangazo. Ni yupi mkweli? Je, ni halali? Nauliza kwa sababu tumerekodi wimbo wetu wa dakika tisa na tunataka kuupeleka redioni.»*

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Umeleta malalamiko pamoja na vipimo, jambo ambalo wasikilizaji wachache hulifanya, na vipimo vyako vinatosha kutupeleka mbali. Unashuku kwamba wimbo unaendeshwa mbio ili dakika zilizookolewa ziuzwe kwa wafanyabiashara. Hata hivyo katika maelezo yako kuna mambo mawili, nawe umeyachukua kuwa ni jambo moja: sauti imepanda, na wimbo umefupika. Mambo hayo yanaweza kutokea pamoja bila ya moja kusababisha jingine, na katika kisa chako naamini kwamba ndivyo yalivyo.

Kwanza tumwondolee mnara lawama. Mawimbi ya FM, na hata yale ya AM ya zamani, hayawezi kupandisha wala kushusha kimo cha sauti, yaani wembamba au unene wake, njiani. Redio ikiwekwa nje kidogo ya masafa yake, au mawimbi yakizuiwa na majengo, utasikia mkwaruzo, mvumo na herufi za «s» zinazochachatika, lakini noti iliyotoka studioni itafika Kisauni au Likoni ikiwa noti ileile. Mwenzako huenda anakumbuka zama za redio kaseti, ambapo betri zikichoka mwimbaji alianza kuvuta maneno kama mtu mwenye usingizi. Kilichokuwa kikipunguza mwendo pale ni mota ya kaseti. Kwenye mashine hiyohiyo, ukibonyeza upande wa redio kwa betri zilezile, mtangazaji alikuwa akisikika kwa sauti yake ya kawaida, ingawa ndogo.

Sasa tuhesabu. Wimbo wako una sekunde 700. Redioni unachukua sekunde 420. Kama ufupi huo wote ungetokana na kasi, wimbo ungekuwa umeharakishwa kwa takriban asilimia 67, na sauti ingepanda karibu nusu toni tisa, yaani hatua tisa za funguo za kinanda. Mwanamume mzima angesikika kama mtoto wa chekechea, na usingehitaji kinanda kuligundua hilo. Wewe umepima senti 45, yaani sehemu 45 kati ya zile 100 zinazotenganisha funguo moja na inayofuata, na kiasi hicho ni sawa na ongezeko la kasi la asilimia 2.6 tu. Kwa kasi hiyo, sekunde 420 unazozisikia redioni zilikuwa sekunde 431 katika nakala ya simu yako. Kasi basi imeiba sekunde 11. Sekunde nyingine 269, ambazo ni dakika nne na nusu kasoro kidogo, zimekatwa kwa mkasi. Ukitaka kujua wimbo wako umepelekwa wapi, utafute mkasi kwanza.

Hata hivyo mwenzako wa pili hakubuni habari yake, kwa kuwa desturi ya kuendesha nyimbo mbio ina historia ya kweli. Njia yake ya kwanza ilikuwa nyepesi mno: kuizungusha santuri zaidi ya kiwango chake. Santuri ndogo hutakiwa izunguke mara 45 kwa dakika. Ukiizungusha mara 46 na kidogo, umeongeza kama asilimia tatu. Stesheni za Marekani zilizopiga nyimbo zinazotamba katika miaka ya 1970 zilijulikana kwa mtindo huo, na sababu haikuwa matangazo ya biashara peke yake. Wimbo ulioharakishwa kidogo husikika mchangamfu, na msikilizaji akihamia stesheni jirani inayopiga wimbo uleule kwa mwendo wake halali, ule wa pili humwonekea umechoka. Ilikuwa silaha ya ushindani, na sekunde zilizopatikana zilikuwa faida ya ziada. Kasoro ya njia hii ni ileile uliyoisikia wewe: mwendo na kimo cha sauti havitengani, kwa sababu noti ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na ukiharakisha wimbo umeiharakisha na mitetemo yake.

Kuvitenganisha viwili hivyo kulihitaji akili zaidi. Mwaka 1954 Grant Fairbanks na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha mashine ya utepe yenye vichwa vinavyozunguka, iliyoweza kufupisha maneno bila kuyapandisha sauti. Mwaka 1975 kampuni ya Eventide ilitoa kifaa cha kidijitali kiitwacho H910, na mteja wake wa kwanza alikuwa kituo kimoja cha televisheni cha New York kilichokuwa kikirudia kipindi cha zamani cha vichekesho: picha ziliendeshwa kasi ili pawe na nafasi ya matangazo zaidi, kisha kifaa kikazishusha sauti za waigizaji mahali pake. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu ya kompyuta yoyote ya studio, hata ya bure. Programu huigawa sauti katika vipande vidogo vya sehemu kama 20 hadi 50 za elfu moja ya sekunde, huondoa kipande kimoja kimoja hapa na pale, kisha hupandanisha kingo za vilivyobaki. Ni kazi ya fundi cherehani anayefupisha leso kwa kutoa tepe nyembamba mahali pengi badala ya kukata pindo, akishona kwa namna ambayo maua yanakutana. Anayeitazama kwa mbali haoni mshono wowote, na noti hubaki ileile.

Mshono huonekana kwa anayejua pa kutazama, na muziki wetu ni kitambaa kigumu kushonwa hivyo. Sauti ndefu ya fidla au kodiani hufupishwa bila taabu, kwa sababu vipande vyake vinafanana. Mdonoo wa udi, mlio wa tashkota (ala ya nyuzi yenye vitufe) na pigo la ngoma ya dumbak ni vitu vya ghafla: mwanzo wao ndio sauti yenyewe, na programu ikikata pale, pigo hupoteza makali au hurudiwa kwa mgugumizo mdogo. Mtetemo wa sauti ya mwimbaji pia huharakishwa, ukawa kama wa mtu mwenye baridi. Kwa ongezeko la asilimia mbili au tatu haya yote ni madogo. Likizidi asilimia tano, mpigaji yeyote wa ngoma atahisi kwamba mkono si wa mtu anayemjua.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike. Stesheni inayobana nyimbo kwa makusudi leo hii ina njia ya kufanya hivyo bila kupandisha sauti hata senti moja. Kwa hiyo kupanda kwa sauti, ambako wewe umekuchukua kuwa ushahidi wa ulafi wa matangazo, ni ushahidi dhaifu sana. Kwa kiasi kikubwa kunaelekeza upande mwingine, kwenye historia ya nakala iliyomo katika kompyuta ya stesheni.

Fikiria njia iliyopitiwa na wimbo wa taarab wa miaka ya 1970 au 1980. Uliwekwa kwenye utepe mkubwa, ukahamishiwa kwenye santuri au kaseti, kaseti ikanakiliwa kwa kaseti nyingine dukani, na miaka mingi baadaye mtu akaichomeka nakala hiyo kwenye kompyuta. Kaseti hutakiwa ipite mbele ya kichwa kwa sentimita 4.76 kwa sekunde, lakini mota za mashine za kawaida zilikuwa na skrubu ndogo ya kurekebishia mwendo, na mashine iliyozidi au kupungua asilimia mbili ilikuwa ya kawaida kabisa. Iliyorekodi ikiwa inasuasua kidogo na iliyochezea ikiwa nyepesi, makosa mawili hujumlishana, na asilimia 2.6 haishangazi hata kidogo. Lipo kosa jingine la kidijitali, ambapo faili iliyorekodiwa kwa sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde huchezwa kana kwamba ina 48,000, lakini hilo hupandisha sauti kwa senti zipatazo 147, karibu nusu toni moja na nusu, kwa hiyo si ugonjwa wako. Nami ni lazima niseme jambo ambalo huenda lisikupendeze: nakala ya simu yako pia haijathibitishwa. Nyimbo nyingi zinazosambazwa mtandaoni zimegeuzwa kasi au kimo, wakati mwingine ili zisitambuliwe na mifumo ya kulinda hakimiliki, na wakati mwingine na mpiga kinanda kama wewe aliyetaka ulingane na ala yake. Udi haukufungwa kwa kufuata kinanda cha umeme. Ulifungwa kwa kufuata koo la mwimbaji siku ile. Nakala inayolingana na kinanda chako senti kwa senti inanitia shaka zaidi kuliko ile isiyolingana.

Unaweza kulipima jambo hili mwenyewe. Rekodi wimbo kutoka redioni kwa simu, kisha ifungue rekodi hiyo pamoja na nakala yako katika programu kama Audacity. Usipime tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu huko ndiko mkasi unakopita. Chagua pointi mbili zilizo wazi ambazo katikati yake hakuna kilichokatwa, kwa mfano tangu neno la kwanza la ubeti wa kwanza hadi neno la kwanza la kiitikio cha pili. Tuseme nakala yako ina sekunde 154 hapo, na ya redio ina 150. Gawanya, utapata 1.027, ambayo ni takriban senti 45: mwendo na sauti vimepanda pamoja, kama kwenye santuri au kaseti iliyokimbia. Muda ukipungua na sauti ikibaki pale pale, umeikuta programu ya kubana. Muda ukiwa sawa na sauti ikiwa juu, basi mtu aligeuza kimo peke yake, na hilo halina uhusiano wowote na kuokoa dakika.

Kipimo cha pili ndicho kitakachokata shauri. Zipime nyimbo nyingine tatu nne za stesheni hiyohiyo, za zamani na za sasa, kisha uupime wimbo wako tena siku nyingine, ikiwezekana usiku. Nyimbo zote zikiwa juu kwa kiasi kimoja, kuna mpangilio katika mtambo. Wimbo wako peke yake ukiwa juu, na kwa senti zilezile kila siku, ni faili mbovu, na meneja wa muziki atakushukuru ukimpelekea nakala safi. Ama kiasi hicho kikiwa kinabadilika siku hadi siku, na hasa kikizidi katika dakika za mwisho kabla ya saa kamili, utakuwa umeiona kazi ya programu ya kurusha vipindi inayonyoosha au kubana nyimbo kidogo ili taarifa ya habari ianze saa moja kamili, wala si saa moja na sekunde arobaini. Sioni ubaya katika hilo, maadamu ni asilimia moja au mbili.

Tahadhari moja ya haraka: vipindi vya madijei usivihesabu. Dijei anayeunganisha nyimbo huzigeuza kasi ili mapigo yakutane, na mashine yake imeundwa kwa kazi hiyo. Ile maarufu ya kuzungushia santuri, Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, ina kitelezi kinachopandisha au kushusha mwendo hadi asilimia nane. Huo ni ufundi wake na umetangazwa kuwa hivyo. Vilevile usidanganywe na mtambo wa kubana nguvu za sauti ambao karibu kila stesheni ya FM huwa nao, kifaa kinachonyanyua sauti ndogo na kukandamiza kubwa. Hufanya wimbo uonekane uko karibu na una haraka, lakini hauwezi kuidanganya saa ya ukutani.

Tuje kwenye fedha, kwa kuwa ndilo swali lililo chini ya swali lako. Je, asilimia 2.6 ina faida? Katika saa yenye dakika 40 za muziki, kasi hiyo huokoa takriban dakika moja, yaani nafasi ya matangazo mawili ya sekunde 30. Kwa saa nne za asubuhi ni matangazo manane, na asubuhi ndiyo yenye bei. Kwa hiyo siwezi kusema ni upuuzi; meneja wa mauzo mwenye wateja kwenye foleni anaweza kushawishika. Lakini mkasi ulioupitia wimbo wako mmoja umetoa dakika nne na nusu kwa mara moja, bila kununua kifaa na bila mtu kusikia kimo kikipanda. Ndiyo maana hata pale ambapo kubana kasi kunafanyika, huwa ni nyongeza, na kukata ndiko msingi.

Kukata kwenyewe hufanyika kwa utulivu mno. Kila wimbo ukiingizwa kwenye kompyuta ya stesheni huwekewa alama: hapa utangulizi unakwisha na mwimbaji anaanza, hapa sauti ianze kufifia, hapa kinachofuata kiingie. Anayeziweka alama hizo ndiye anayeamua urefu wa wimbo, na akishaziweka hutumika kila unapopigwa, mpaka mtu azirekebishe. Saa nzima nayo huwa imepangwa kabla: habari hapa, matangazo ya biashara hapa na hapa, salamu za wasikilizaji hapa. Idadi ya matangazo haingojei wimbo uishe. Imeuzwa tayari, na wimbo ndio unaotakiwa ujipenyeze katika nafasi iliyobaki. Ongeza mtangazaji anayezungumza juu ya utangulizi wa udi mpaka mwimbaji aanze, na majina ya wafadhili yanayosomwa juu ya kipande cha ala kilichokuwa kimewekwa ili msikilizaji autafakari ubeti uliopita, nawe utaona kwamba wimbo unaweza kupoteza nusu yake bila mtu kuugusa mwendo.

Kwa muziki wa dansi wenye kiitikio kinachorudiwa mara nane, hasara hiyo naweza kuivumilia. Taarab ni shairi. Mshairi hufumba katika ubeti wa kwanza, huzungusha katika ya kati, na mara nyingi fumbo hulifungua, au humtaja anayemlenga kwa namna ambayo mwenyewe ataelewa, katika ubeti wa mwisho. Anayeizima sauti kwenye dakika ya saba amemwachia msikilizaji kitendawili bila ya jibu. Kwa maoni yangu hilo ni kosa zito kuliko senti 45, nami hushangaa kwamba barua ninazozipokea hulalamikia kasi, na karibu hakuna anayeuliza ubeti wa mwisho umekwenda wapi. Waliorekodi Juma Bhalo na Zein l'Abdin katika mji huu walilijua tatizo la urefu tangu enzi ya santuri ndogo, ambayo upande wake mmoja haubebi zaidi ya dakika chache, lakini mwimbaji wakati ule alikuwepo studioni, na aliweza kuchagua mwenyewe beti za kuacha.

Muziki si kitu pekee kinachobanwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Prime Image ya Marekani iliuza kifaa kilichoitwa Cash, jina ambalo halikuficha kitu, ambacho kilinyofoa vijinafasi vya kimya baina ya maneno ya mtangazaji wakati kipindi kikiwa hewani, na kikavikusanya mpaka vikatosha dakika nzima za matangazo. Rush Limbaugh, mtangazaji aliyejulikana sana huko, alilalamika hewani kwamba stesheni zilizokuwa zikirusha kipindi chake zilikuwa zikimkatia pumzi zake. Na Agosti 2014 stesheni moja ya Calgary, nchini Kanada, ilianza kupiga nyimbo zilizokatwa hadi dakika kama mbili, ikijisifu kwamba itapiga nyimbo 24 kwa saa. Wanamuziki walikasirika, na kabla ya mwezi kwisha mpango uliachwa. Sababu iliyotolewa pale ilikuwa kwamba wasikilizaji hawana subira. Nakubali kwamba hofu ya msikilizaji kubadilisha stesheni ni ya kweli, na huenda ndiyo iliyoukata wimbo wako kuliko tamaa ya fedha. Ukitaka kusikia kasi isiyo na haya, sikiliza mwisho wa tangazo la kamari au la mkopo, pale «vigezo na masharti kuzingatiwa» yanapopita kabla hujajua yameanza. Huko mbano huwa ni mkubwa kuliko wowote utakaoukuta katika wimbo.

Kuhusu uhalali, nitasema kwa uangalifu kwa sababu mimi ni fundi wa sauti, si wakili. Kibali ambacho stesheni hupata kwa kulipia mirabaha ni cha kuupiga wimbo hewani. Upande wa pili, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, katika kifungu cha 32, humpa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe, isikatwe wala isigeuzwe kwa namna inayoharibu heshima au sifa yake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kuufifisha wimbo dakika moja kabla ya kwisha, au kuuongeza asilimia mbili, ni vigumu kumshawishi hakimu kwamba kumekuvunjia heshima. Kukata beti mpaka shairi likasema kinyume cha ulichokusudia, au kulitoa jina la mtunzi, ni habari nyingine kabisa.

Sasa wimbo wenu wa dakika tisa. Mnaweza kuupeleka ulivyo na kutumaini heri. Mtu msiyemjua ataweka alama zake, na huenda akawa kijana mwerevu au mwenye haraka. Mnaweza kukataa usikatwe, na mkaandika hivyo. Heshima yenu itabaki, ila kwa vipindi vya asubuhi naogopa hautapigwa kabisa. Njia ninayoipendekeza ni kutengeneza matoleo mawili wenyewe: kamili la dakika tisa, na la redio lisilozidi dakika nne na nusu. Kaeni na mshairi, si na fundi wa studio peke yake, mchague beti zitakazobaki ili fumbo na jawabu lake viwepo vyote, kisha mpunguze utangulizi na marudio ya kiitikio kwanza kabla ya kugusa ubeti wowote. Kama mtaona sekunde tano bado zimezidi, ziacheni. Msizibane kwa programu. Katika jina la faili andikeni jina la wimbo, kikundi, mtunzi, toleo na muda wake kamili kwa dakika na sekunde, ili yeyote atakayepima baadaye ajue asili ni ipi. Toleo kamili liombeeni nafasi katika vipindi vya taarab vya usiku au vya mwisho wa wiki, ambako matangazo ni machache na watangazaji wengi wa pwani bado wana adabu ya kuacha shairi lifike mwisho. Mpeleke kwa mkono, mkutane na meneja wa muziki ana kwa ana, na mumuulize bila ukali kama mtambo wao hubana nyimbo, na kwa kiasi gani. Wengi hujibu kwa uwazi.

Wimbo wenu ukishaanza kupigwa na mkaukuta umegeuzwa kwa namna inayowaumiza, waandikieni stesheni kwanza, mkitaja siku, saa na kilichokatwa, pamoja na rekodi yenu. Wasipojibu, shirika la mirabaha mlilojiunga nalo na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ndiko kwa kwenda. Malalamiko juu ya wingi wa matangazo ya biashara au utaratibu wa vipindi hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kabla ya kudai fidia, muone wakili wa hakimiliki akiwa na rekodi zote mbili mezani, na mtafute fundi wa sauti wa kuzilinganisha kwa maandishi, kwa kuwa namba nilizokupa hapa zimetoka kwenye vipimo vyako nami sijazisikia rekodi zenyewe.

La mwisho ni la afya yako. Kwa kuwa kinanda na simu vinalingana masikioni mwako na redio peke yake ndiyo inayotofautiana, sina shaka na masikio yako. Lakini wapiga muziki wa harusi hukaa miaka mingi mbele ya spika kubwa, na baadhi yao hufikia hali ambayo noti moja husikika kwa kimo tofauti katika sikio la kulia na la kushoto. Ziba sikio moja, usikilize noti ndefu ya kinanda, kisha ubadilishe. Ukisikia tofauti, au ukiwa na mlio masikioni usiokwisha siku ya pili baada ya shughuli, nenda kliniki ya masikio, pua na koo upimwe, wala usingoje msimu wa harusi upite.